Mbavu za Watu Kwenye Bawa: Maisha ya Mzee Joakimu Qamara Tluway, Fundi Eropleni

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, mama zetu shikamooni, ndugu wa Endagikot mliopanda lori la shamba tangu alfajiri, na wenyeji wa Gitting mliowapokea, mimi ni Sebastiani, mtoto wa mwisho wa marehemu, na nimesimama hapa si kwa sababu ya elimu, maana shule niliiacha kidato cha pili na haikunililia, nimesimama kwa sababu kaka yetu Hermani, ambaye ni mwalimu na ndiye aliyepangiwa kusoma, sauti imemkauka kwa kilio, na kamati ilipoangaza macho huku na huku ikaona mwenye sauti ya kufika hadi kule kwenye masufuria ni mimi peke yangu.

Kabla sijaingia kwenye tarehe, niseme jambo moja wazi, kwa sababu nusu yenu mmekuja mkilijua na nusu mmelisikia kwa kunong'onezana mkisubiri chai. Baba amekufa akingoja neno kutoka kwa mama Imakulata, mjane wa marehemu Akonaay Sulle, jirani yetu, yule aliyekaa pale kwenye ukuta wa jiko, na neno lenyewe hakulipata. Familia tulikaa jana tukajadili kama lisomwe au liachwe, wajomba wakasema liachwe, mama yetu akasema, "Lisomwe, mume wangu hakuwa mtu wa kuziba tundu kwa rangi," na mama akishasema hivyo hapa nyumbani kikao kimefungwa. Basi litasomwa, mahali pake na kwa mwaka wake.

Kuzaliwa. Marehemu Joakimu Qamara Tluway alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 katika kijiji cha Endagikot, wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Qamara Tluway na Mama Efrazia, wakulima na wafugaji, akabatizwa Pasaka ya mwaka huohuo, na alipofika umri wa kuchunga alikabidhiwa ng'ombe wa babu, kazi ambayo, kwa heshima zote za marehemu, aliifanya vibaya kuliko mtoto yeyote wa Endagikot, ng'ombe wakawa wanashinda kwenye mahindi ya watu, mpaka majirani wenyewe wakaenda kwa babu kumwomba huyu mtoto apelekwe shule ili kijiji kipumzike.

Elimu. Alianza masomo mwaka 1940 katika shule ya misheni Mbulu, akaendelea na shule ya kati, akamaliza darasa la nane mwaka 1948, na mwalimu Hermani anasema darasa la nane la wakati ule ni sawa na kidato cha nne cha leo, kwa hesabu hiyo mimi na kidato changu cha pili nadhani bado nipo chekechea. Mwaka 1950 alisafiri kwenda Nairobi, akapata kibarua cha kufagia karakana ya ndege, akafagia miaka miwili, na mwaka 1952 mabwana wa pale, walipoona kijana mwenyewe anashinda amesimama nyuma ya mafundi akiwauliza maswali mpaka ufagio unakauka, wakamwingiza kwenye mafunzo ya kazi, kitengo cha kitambaa.

Hapo nieleze kidogo, kwa sababu najua kuna watu wamekaa na baba miaka kumi na saba bila kujua alikuwa anafanya nini. Eropleni ndogo za wakati ule hazikuwa bati tupu kama basi, bawa lake ni mifupa, lina mbavu kabisa, halafu mbavu zinavikwa kitambaa, kitambaa kinashonwa kwa mkono, kisha kinapakwa dawa ambayo mafundi wanaiita dopu, na dopu ikikauka inakivuta kile kitambaa kinakaza kama ngozi ya ngoma, ukipiga kidole kinalia. Bila dopu bawa ni shuka lililotandikwa kwenye fito. Kushona huko na kupaka huko ndiyo ilikuwa taaluma ya baba, na cheti chake alikipata mwaka 1958, na naomba niseme mbele ya Baba Paroko kwamba katika nchi hii yote hakukuwa na mtu wa kumfikia kwa mshono wa bawa, na anayebisha anyooshe mkono.

Ndoa. Tarehe 23 Novemba 1957 marehemu alifunga ndoa takatifu na Fransiska, mama yetu, binti wa Bibi Kornelia wa Endasak. Kwenye posa aliwaambia wakwe kwamba kazi yake ni eropleni, hakufafanua, wao wakaelewa kwamba anarusha, na bibi alitamba nalo Endasak nzima mpaka alipokwenda kumtembelea binti yake Nairobi akamkuta mkwe amekaa kwenye kigoda na sindano na uzi, akarudi akatangaza kwa uchungu, "Mwanangu nimemwoza kwa fundi cherehani, tena asiye na cherehani." Mungu aliwajalia watoto wanne, Hermani aliyezaliwa 1958, Efrazia aliyerithi jina la bibi 1961, Fabiola 1963, na mimi hapa 1966, baada ya hapo wakaona wamefikia ubora waliokuwa wakiutafuta, wakaacha.

Kazi. Mwezi wa Julai 1971 alirudi nyumbani, akaajiriwa kwenye shamba la ngano la serikali kule uwandani Hanang, ambalo lilikuwa na eropleni yake moja ya kitambaa, yenye rangi ya njano, ya kunyunyizia dawa viwavi na kuwaua kweleakwelea, wale ndege wadogo wanaokuja kama wingu wakati punje inajaza maziwa, na familia ikapata kiwanja hapa Gitting ambapo tumemzika leo. Baba ndiye aliyekuwa akiikagua na kuweka sahihi kwamba iruke, na bila sahihi yake haikuruka, hata meneja angepiga magoti. Rubani alikuwa Nikolausi, mtu wa Tabora, naye tunaye hapa leo, shikamoo mzee.

Februari 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa. Dopu ilikuwa inatoka Nairobi, uzi wa nta Nairobi, bushi, plagi, hata katairi kadogo ka mkia, vyote Nairobi, na baba alisema, "Watafungua kabla ya mavuno," ila hakusema mavuno ya mwaka gani. Akaanza kutafuta vya kuweka badala yake. Tairi la mkia lilipokwisha alifunga la toroli ya zege, na bushi, ile pete inayozuia gurudumu lisicheze, ilipolika alikwenda kwa rafiki yake Gidabuday, mhunzi wa Kibarbaig, ambaye watu wa kwao wenyewe hawakai naye kigoda kimoja kwa sababu ukoo wake ni wa kufua chuma, lakini baba alikaa naye, na mzee Gidabuday akayeyusha bangili za shaba akammiminia bushi mpya, akamuuliza, "Sasa hiki kitu kitakwenda juu kweli?" baba akamwambia kitakwenda, naye akasema, "Basi wake zangu wakikuuliza bangili zao ziko wapi, waonyeshe mawingu." Bushi ile ipo mpaka leo, nendeni uwanjani mkaitikise muone kama inacheza.

Dopu lakini haimiminwi na mhunzi. Kopo la mwisho lilikwisha 1979, na tarehe 22 Machi 1980 ikanyesha mvua ya mawe ambayo wengi mnaikumbuka, mawe makubwa kama mayai ya kanga, eropleni ikiwa nje, na asubuhi yake mabawa yote mawili yalikuwa kama mwavuli uliotafunwa na panya. Ngano ilikuwa imeshapandwa, kweleakwelea huja Juni, na si ngano ya shamba tu, ni mtama wenu pia, maana wale hawaulizi mpaka. Meneja akaandika Dar es Salaam, jibu likaja fedha za kigeni hakuna. Kitambaa baba alikipata, masista walimpa jora la marekani, akalishona bawa kwa bawa mpaka vidole vikavimba, ila cha kupaka hakikuwepo, na hapo ndipo alipoanza kuchemsha vitu. Alichemsha gundi ya ngozi na kwato, ikanuka mpaka walinzi wakahama lindo, ikakaza vizuri kwa jua, ukungu wa mlima uliposhuka ikalegea kama uji. Akajaribu uji wenyewe, wa muhogo, mbuzi wakalamba. Akajaribu vanishi ya makabati, ikapasuka, akajaribu rangi ya milango, ikawa nzito, na kila jioni mama alimuuliza, "Leo imelia?" maana alikuwa anapiga kidole kwenye kitambaa akisikiliza, naye akajibu, "Imekohoa."

Ndipo akakumbuka kwamba zamani kule karakana mzee mmoja aliwahi kumwambia dopu ni filamu iliyoyeyushwa, plastiki ileile ya picha za eksrei, ukiilowesha kwenye asetoni inakuwa ute. Asetoni ilikuwepo ya kutosha kwenye maabara ya mbegu hapohapo shambani. Filamu je? Ndugu zangu, filamu zilikuwa kwenye madirisha yenu. Kwetu mtu akipigwa picha hospitali ya misheni akapewa, haitupi, anaipigilia dirishani, inakinga upepo na inapitisha mwanga, na mgeni akija anaonyeshwa ugonjwa wa mwenye nyumba bila kuuliza. Baba akaenda Endasak kwa mkwe wake, akang'oa dirishani picha ya nyonga ya Bibi Kornelia ya mwaka 1959, bibi akapiga kelele, "Joakimu, hiyo ni nyonga yangu, ukaiangushe huko Singida nani ataiokota?" baba akaja nayo, akaiosha picha kwa maji ya moto na magadi ikabaki plastiki safi, akailowesha, na ikayeyuka kama sukari. Akapaka kipande cha kitambaa. Kikalia. Mama anasema siku ile baba alikuja mbio kutoka uwanjani hadi hapa na kile kipande mkononi akikipiga mbele ya kila mtu njiani, hata mbele ya ng'ombe.

Jumapili tarehe 4 Mei 1980, baada ya misa, alipewa nafasi ya kutoa tangazo, na hapa naomba msimlaumu kupita kiasi, mdomo wa baba mnaujua, niliurithi wote na chenji haikubaki, badala ya kusema tu jamani leteni filamu, akasema, "Leteni picha zenu zote, wagonjwa na wazima, walio hai na waliokufa, zinakwenda kwenye bawa, mtapita juu ya mashamba yenu wenyewe, kila mtu ataonekana angani na mbavu zake!" Kanisa likacheka. Mama Imakulata hakucheka, alisikiliza, na wiki ile alileta filamu ya kifua cha mume wake Akonaay, iliyopigwa 1978, miezi mitatu kabla hajafariki.

Sasa mjue kwamba Akonaay Sulle hakuwahi kupigwa picha nyingine. Hakuwa na picha ya harusi, hakuwa na kitambulisho, alikuwa mtu anayegeuka akiona kamera, na ile filamu mama Imakulata alikuwa ameipigilia kwenye dirisha la chumbani, jua likichomoza kifua cha mume wake kinawaka.

Jumamosi tarehe 10 Mei baba aliita watu kazi kama ilivyo kwetu, mama akapika pombe, kina mama wakaja na masufuria ya maji ya moto na magadi, wakaosha filamu kwenye uwanja huuhuu mliokaa. Na kwenye kazi ya kuitana kundi haliachwi likaondoka kazi imebaki, hiyo ni aibu kwa mwenye mji, mnaosha mpaka ya mwisho ndipo mnakunywa, kwa hiyo ziliisha zote siku hiyohiyo, lundo zima, picha zote zikaenda na maji, kabla baba hajailowesha hata moja zaidi ya ile nyonga. Angekata kona tu ya kila filamu akaijaribu kwanza. Fundi wa miaka ishirini na minane. Lakini kundi limeshafika, maji yanachemka, nyimbo zimeanza, nani wa kuwaambia watu wa Gitting shikeni mikono mngoje?

Jua lilipoinama mama Imakulata alitoka kwenye sufuria lake akapita kwenye kamba zilizoanikwa filamu, akizitazama moja moja, zote nyeupe, akauliza, "Akonaay yuko wapi?" na mama mmoja, ambaye simtaji kwa sababu ni shangazi yangu na yuko hapa, akajibu kwa masihara, "Si huyo hapo kwenye kamba na wenzake wote." Mama Imakulata akamwendea baba. Akamwambia, "Ulisema ataonekana." Baba akasema, "Mama, nilikuwa natania, picha lazima iondoke, ni plastiki tu inayotakiwa." Naye akasema, "Mimi sina nyingine."

Baba akamwambia kwamba hata kama picha imeondoka, ile plastiki ya Akonaay ndiyo itakayokaza bawa, atakuwemo, atapita juu ya mtama wake. Mama Imakulata akasema, "Basi kama yumo nitalitazama bawa." Akaitambua filamu yake kwa tundu za misumari, akaifunga uzi mwekundu kwenye kona, akamkabidhi.

Jumatatu baba alilowesha. Filamu za zamani, za miaka ya hamsini na sitini, ziliyeyuka. Za karibuni, za tangu hospitali ianze kuletewa aina nyingine, hazikuyeyuka, kwa macho zinafanana, mkononi zinafanana, kwenye asetoni zinalala chini kama samaki aliyekufa na hazibadiliki. Ya Akonaay ilikuwa ya karibuni. Baba alizipasha moto, alizikatakata zile nyingine, akabadilisha asetoni, ile ya uzi mwekundu akaiacha pipani wiki nzima, akaitoa kama alivyoiingiza, uzi tu ndio ulioachia rangi. Akaiosha, akaikausha, akaichukua akaipeleka mwenyewe, mchana kweupe, akamrudishia. Mama Imakulata aliipokea kwa mikono miwili kama inavyopaswa, akaipigilia dirishani palepale, kwenye tundu zilezile, kipande cheupe kisicho na mtu. Kipo mpaka leo, anayepita njia ya kisimani anakiona.

Dopu iliyopatikana ilitosha bawa la kushoto. La kulia lilibaki na marekani yake na gundi ya kwato. Baba alizunguka Mbulu yote na Hanang yote, safari hii akikata kona kwanza, lakini habari za mama Imakulata zilikuwa zimemtangulia, watu walikuwa wanaficha filamu zao chini ya magodoro akitokea, na mimi siwalaumu, nilikuwa shule, zile siku chache nilizokwenda, na hata huko watoto waliniuliza kama kwetu tunakula eksrei.

Juni 17 kweleakwelea wakaja. Meneja akafika uwanjani na Landrova, akasema, "Joakimu, bawa moja zima, la pili nusu, hiyo si sawa na nzima?" Baba akamwambia, "Mheshimiwa, suruali nusu huvai, utapanda hii?" Rubani Nikolausi, mzee utanisamehe, akasema, "Mzee Joakimu, wewe weka sahihi tu, mimi nimeshawahi kuruka na tundu la kupitisha ngumi." Baba akamjibu, "Ulikuwa na bahati, kaa chini unywe chai." Wakabishana kutwa nzima, mmoja akitaka kuruka na mwingine akimkatalia, huku angani kunapita wingu la wale ndege wenye mabawa mazima. Baba alipiga kidole bawa la kushoto, likalia, akapiga la kulia, likakohoa, na hakuweka sahihi.

Ngano iliyoliwa mwaka ule sina haja ya kuwasimulia. Mtama wa Gitting uliliwa, wa Endasak uliliwa, akina mama walipiga madebe mpaka yakatoboka, na wa mama Imakulata uliliwa wa kwanza kwa sababu uko kando ya mto. Alikuja hapa na suke tupu mkononi, akasimama pale mlangoni, akamwambia baba, "Ulimchukua, na hukumrusha." Akaondoka. Kuanzia siku hiyo hakumwamkia tena. Ninyi mnajua maana yake hapa kwetu, mwanamke mdogo kwa umri kupishana na mzee njiani, miaka minane, bila shikamoo, na baba kila mara alipunguza mwendo akamngojea aseme, kisha akaendelea na safari yake.

Sisi watoto tulimwambia, baba, kama kosa ni kumnusuru Nikolausi, kosa gani hilo? Akasema kwa Nikolausi hana shaka, sahihi ile asingeiweka hata leo, linalomkalia ni ile asubuhi kanisani na lile lundo la filamu. Akajaribu kutafuta cha kumpa. Alikwenda hospitali kuuliza kama wana nakala, hawana. Alikwenda kwa wapiga picha wa Katesh na Babati, pengine Akonaay alionekana nyuma ya mtu kwenye mnada, hakuonekana. Mwaka 1982 alimwomba mwalimu mmoja wa sanaa amchore Akonaay kwa kuelezwa, na mwalimu, kwa kuwa hakuwahi kumwona, akamkalisha kaka Hermani awe mfano, picha ikapelekwa, mama Imakulata akaitazama kwa makini akasema, "Huyu ni Hermani wenu mmemtia masharubu," akairudisha. Ipo ndani, imetundikwa sebuleni, na niseme kweli masharubu yanamfaa.

Mwishoni mwa 1983 mpaka ukafunguliwa, na mwaka 1984 dopu ikaletwa, makopo mazima yenye lakiri. Baba aliyafungua akayanusa akacheka. Lakini alipobandua marekani ya bawa la kulia akakuta gundi ya kwato imekula mifupa ya ndani, kutu kutoka shina hadi ncha, na mwaka 1985 eropleni ikafutwa kwenye mali zinazotumika. Baba akahamishiwa karakana ya matrekta, akashona viti vya kombaini, na hata mimi ninayeendesha kombaini ya shamba, tena kwa ustadi ambao sitaueleza leo kwa sababu si siku yangu, nimekalia mshono wake msimu mzima bila kupata hata kipele.

Ugonjwa na kifo. Marehemu alianza kukohoa Novemba 1987. Wengine walisema ni asetoni, wengine vumbi la ngano, daktari hakusema. Tulimpeleka hospitali Januari 1988, akaandikiwa picha ya kifua, tukaambiwa mashine ipo, umeme upo, filamu hazijafika na haijulikani zitafika lini, basi daktari akamgonga kifua kwa vidole viwili akisikiliza, na baba, na homa yake yote, akamuuliza, "Inalia?" Daktari akamjibu kwa upole, "Mzee, hapa chini hapalii." Akatibiwa kwa kukisia, akapata nafuu Pasaka, akazidiwa tena Julai, na wiki za mwisho kila kivuli kilipopita dirishani alimuuliza mama, "Ni Imakulata?" Mama alituma mtu mara mbili. Mama Imakulata alisema amesikia. Hakuja. Alhamisi tarehe 18 Agosti 1988, saa tano asubuhi, nyumbani kwake hapa Gitting, marehemu alifariki dunia akiwa na miaka hamsini na saba. Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu saba.

Shukrani. Familia inamshukuru daktari na wauguzi waliofanya walichoweza kwa walichokuwa nacho, shamba kwa lori na mbao za jeneza, karakana kwa misumari na kwa mafundi waliokuja bila kuitwa, mzee Gidabuday aliyetengeneza vishikio vya jeneza kwa shaba, na wake zake naomba wasiulize, mzee Nikolausi aliyetoka Tabora kwa treni na basi, siku tatu njiani, akafika hapa akaniambia mimi huyu, "Kijana, mimi nina watoto watano na watatu walizaliwa baada ya ule mwezi wa Juni." Tunawashukuru majirani wote, mlioleta unga, kuni, maziwa, na mliokesha nasi.

Na tunamshukuru mama Imakulata. Jana mchana alikuja na ndoo ya maji kichwani, watu wakampisha, akaitua kando ya jiko. Mama yetu alitoka ndani, akamsogelea, akamuuliza mbele yetu sote, maana alitaka kujua, na sisi tulitaka, "Imakulata, umemsamehe?" Mama Imakulata akasema, "Fransiska, sikuja kusamehe. Nimekuja kuzika." Mama akamtazama, akasema, "Karibu. Kuni ziko kule." Akakunja kanga akaenda kwenye kuni, na chakula mtakachokula mkitoka hapa amekipika yeye na wenzake.

Baba, nimesoma yote, kwa mwaka na kwa tarehe, na usiku nilikaa na kaka Hermani tukitafuta neno lingine la kukusomea mahali pa lile ulilolingoja, yeye kwa elimu yake, mimi kwa mdomo wako, hatukulipata, na sidhani lipo. Lala hivyohivyo, mzee wetu, kwa amani hii iliyopo.